Leso za Bwawani

Ruiri,
Jumatatu asubuhi

Mama,

Leso zako nimezifua. Zote nne ziko juu ya ua wa miiba ya kayaba, upande ule unaopata jua mapema, na mimi nimekaa hapa kwenye kigoda chako nazilinda, maana upepo wa Ruiri unaujua, hauna adabu. Matope ya bwawa yamekataa kutoka kwenye ile ya zambarau. Nimeisugua kwa sabuni ya mche mpaka vidole vimeniuma na bado kuna doa la kahawia pembeni. Ungeliona ungenyamaza, halafu ungeifua tena mwenyewe nikiwa shambani, kama ulivyokuwa ukirudia kuosha sufuria zangu mwaka ule nilipoolewa hapa kwenu.

Mutwiri mwanao amenipita akienda kukamua, akaniona na kalamu, akauliza naandikia nani. Nikamwambia naandikia mama yako. Alisimama kidogo, akatazama kule ulikolala kando ya shamba la viazi, akasema, "Mwambie ng'ombe amezaa." Basi ng'ombe amezaa, Mama. Ni ndama jike, ana baka jeupe usoni, na kelele yake haina mfano.

Mengine yako kama ulivyoyaacha, ila nyumba ina nafasi nyingi kupita kiasi. Jikoni bado napika uji wa kukutosha na wewe. Kuku wako wamehamia kwangu bila kuulizwa. Na sina tena mtu wa kubishana naye habari za Mungu. Mutwiri nikimwanzia anasema, "Hiyo ni maneno yako na mama," halafu anakumbuka, anachukua ndoo yake anatoka. Nakukosa sana kwa mabishano hayo.

Kila nikizishika hizi leso nakuona ukingoni mwa bwawa siku ya ubatizo, viatu umevivua, leso moja umeikunjua tayari. Mchungaji akimzamisha mtu, kanisa zima likiimba, wewe ulikuwa huimbi. Macho yako yalikuwa kwa huyo anayetoka. Maji yetu yanashuka kutoka mlimani na baridi yake inafika kwenye meno, kwa hiyo mtu akiibuka huwa hajui kama anamshukuru Mungu au analia. Ulikuwa unamfunika kabla hajajua mwenyewe. Unamfunga leso mabegani, unamsugua mgongo kwa viganja vyote viwili, unamwambia neno moja tu, "Karibu." Kuna watu wenye mvi hapa Ruiri waliopita kwenye mikono hiyo.

Unakumbuka tulivyoenda Makutano kununua hii ya zambarau? Mwenye duka alitutandikia leso juu ya meza mpaka akachoka. Maneno yaliyoandikwa hukutaka hata kusomewa. Ulishika moja moja, ukaipima uzito kwa mkono, ukaipuliza uone kama pumzi inapita. Akakuuliza, "Mama, ni ya harusi ama ni ya nini?" Ukamjibu, "Ni ya mtu akiwa na baridi." Alicheka, lakini alienda nyuma akatuletea ile nzito.

Mimi hukuwahi kunifunika. Hilo lilikuwa kati yetu tangu siku ya kwanza, na tulilizoea kama watu wanavyozoea jiwe lililo mlangoni. Nilikuja kutoka Kianjokoma nikiwa tayari nimebatizwa, tena nikiwa mchanga kabisa, katika kanisa la kwetu linalobatiza watoto. Maji kidogo kwenye paji la uso, ishara ya msalaba, basi. Kanisa lenu halibatizi mtoto. Mtu hungoja mpaka aseme kwa mdomo wake kwamba anaamini, ndipo aende bwawani azamishwe mzima.

"Wewe, Wawira, walikulowesha kichwa tu," ulikuwa ukiniambia tukichambua maharagwe. "Hii mwili yote iko kavu." Nami nakujibu kwamba Mungu akishanishika kichwa, miguu itaenda wapi? Ulikuwa unacheka mpaka unafuta macho kwa ncha ya kitambaa. Lakini swali lako lilikuwa la kweli, na hukulificha: "Mtoto mchanga ataamini aje, na hata jina yake hajui?" Sikuwa na jibu la kukutosha. Nilikuwa nikiimba nanyi kila Jumapili, nikiomba nanyi, na ikifika Meza ya Bwana nabaki kwenye benchi na watoto, kwa kuwa kwa hesabu yenu sikuwa nimebatizwa. Ulikuwa unarudi kutoka mbele, unakaa karibu yangu, unaniwekea mkono gotini.

Halafu Nkirote akazaliwa. Tukampa jina lako, kama desturi inavyotaka kwa msichana wa kwanza, na tangu siku hiyo kumgombeza ikawa kazi. Nikiita "Nkirote, wewe!" kwa hasira, unaitika wewe kutoka jikoni, "Nimefanya nini tena?" Siku tulipotoka naye hospitali ilikuwa ile baridi ya mwezi wa saba yenye manyunyu. Ulitoka nje kutupokea na mkononi ulikuwa na leso ya ubatizo, ile ya manjano. Leso ambazo hukumruhusu mtu kuzigusa hata kwa kufunikia uji! Nikakuuliza, "Mama, si hizi ni za watu walioamini?" Ukamkunja mtoto ndani yake mpaka ikabaki pua tu, ukasema, "Baridi haiulizi mtu kama ameamini." Ukaingia naye ndani ukaniacha hapo na mabegi. Siku hiyo nilikupenda kwa namna mpya.

Sasa sikiza yaliyotokea.

Nkirote ameingia gredi ya saba, amekuwa mrefu, sketi zote zimemkimbia. Wiki chache baada ya kukuzika alikuja jikoni akasema anataka kubatizwa. Niliogopa. Nilifikiri ni uchungu tu, kwamba anataka kwenda bwawani kwa sababu ndipo ulipokuwa ukisimama. Nikamuuliza hivyo hivyo, bila kuzunguka. Akaniambia, "Ni ukweli namkosa shosho. Lakini pia naamini. Nikingoja niache kumkosa ndio nibatizwe, si nitazeeka?" Alikuwa ameshika kiuno kama wewe. Akaanza kwenda darasa la ubatizo kila Jumamosi, na jioni ananisomea masomo yake tukipika.

Ikabaki swali moja: nani atamfunika akitoka majini?

Kwangu halikuwa hata swali. Leso uliniachia mimi. Ulisema siku zile za mwisho, pumzi ikikusumbua, mbele ya Mutwiri na mbele ya Mama Kanana mwenyekiti wa akina mama kanisani: "Leso ni za Wawira." Nilidhani yamekwisha. Lakini tarehe ilipokaribia Mama Kanana alinitembelea. Alikunywa chai, akasifu viazi, akauliza habari za baba yangu, na ndipo akafika alikokuwa akienda.

"Mama Nkirote, usikasirike. Najua vile marehemu alisema. Lakini mwenye kushika leso ni mtu ametoka kwa hayo maji. Utapokea watu aje na wewe hujawahi kuingia?"

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilimsindikiza mpaka barabarani tukiongea habari za mvua, nikarudi nikakaa juu ya debe nyuma ya nyumba kwa muda mrefu. Mtoto wangu mwenyewe, Mama. Atoke majini akitetemeka, na mimi nitazame kama mgeni.

Mchungaji yeye aliona njia rahisi. "Si muingie pamoja, mama na mtoto? Itakuwa siku nzuri sana." Usidhani sikutaka. Nilitaka sana. Ningeingia mara moja, ningeshika leso, ningekula Meza ya Bwana pamoja na Mutwiri, na hakuna mtu angeniangalia tena kwa ile huruma. Ni maji ya dakika moja. Lakini mchungaji huuliza, "Je, unaamini?" na mtu hujibu kama anayeanza safari. Mimi singekuwa naanza. Ningekuwa nadanganya mahali ambapo binti yangu amekuja kusema ukweli.

Nilimpigia baba simu huko Kianjokoma. Alikuwa ametoka kupeleka majani ya chai kituoni, bado anahema. Nikamuuliza kama anakumbuka siku nilipobatizwa.

"Kulikuwa na mvua," akasema. "Hii yetu ya kuanza asubuhi ikasahau kuacha. Mama yako alikuwa bado hajapata nguvu. Nikakubeba ndani ya koti, nikafunga vifungo, watu kanisani wakadhani nimekuja na kuku." Akacheka peke yake. Nikamuuliza, na je, mimi niliamini? Mtoto wa wiki chache anaamini nini? "Hiyo sijui. Ulikuwa umelala. Mimi niliamini ya watu wawili. Yako nilikuwa nakushikia tu mpaka ukue."

Nililia na ugali ukaungua. Hilo ndilo jibu nililokuwa nikilikosa miaka yote ya kuchambua maharagwe, na limekuja wewe ukiwa hupo nikupe. Ndiyo sababu nimechukua kalamu. Najua ungelipinga. Ungesema baba yako ni mtu mzuri lakini imani si mzigo wa kubebewa. Nami ningekuuliza, na Nkirote alifundishwa na nani kuomba, kama si wewe uliyemshikia maneno mdomoni mpaka akayajua? Ah, Mama, tungefika jioni.

Nikaenda kwa mchungaji nikamwambia siingii. Nilimwambia nilishabatizwa, imani nilishikiwa, na nilipopata akili niliichukua kwa mikono yangu mwenyewe; nikirudia, nitakuwa namwambia baba yangu kwamba alipita kwenye mvua bure. Alinisikiliza vizuri, sitamsema vibaya. Akaamua nibebe begi la leso na Mama Kanana afunike. Nikakubali. Mutwiri alikasirika kuliko mimi, akatengeneza ua mzima kwa hasira, na sasa umekaa vizuri sana.

Basi, jana.

Kiangazi kimekuwa kirefu mwaka huu na bwawa limerudi nyuma. Pale ulipokuwa ukisimama sasa ni matope matupu yenye nyayo za ng'ombe, na maji yenyewe yako kule mbele. Mchungaji na wazee wawili walipita wakishikana mikono. Mama Kanana, na yale magoti yake, alibaki kwenye nyasi, leso ya manjano mikononi. Nami nyuma yake na begi. Vijana wawili wakubwa walitangulia, wakabatizwa, wakatoka wenyewe wakitembea kama huyu ndama wetu mpya, nikamtolea Mama Kanana leso moja ya begini akawafunika wote wawili. Halafu wakamwita Nkirote.

Nilimsikia alivyoulizwa, nikamsikia alivyojibu. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilifika mpaka tulipokuwa. "Ninaamini." Mama, hakuna mtu aliyemshikia. Alisema mwenyewe, huyu mwenye jina lako, na mimi niliyebatizwa usingizini nilifurahi mpaka nikageuka nikutafute nikuambie, "Umeona?"

Akazama, akaibuka, akakohoa, watu wakaanza kuimba. Akapiga hatua chache kuja kwetu, tope likamshika miguu yote miwili. Akabaki hapo, maji kiunoni, akitetemeka, na nguo imemganda mwilini. Mchungaji alikuwa ameshageuka kumpokea mwingine. Mama Kanana alinyoosha mikono na leso yake lakini mikono haingefika. Na kila mtu anaimba tu.

Sikufikiria. Nilichomoa ile ya zambarau kwenye begi, nikaiweka kichwani isilowe, maana sheria yako naijua, leso hailowi kabla ya mtu. Nikaingia na viatu. Kiatu kimoja kiko huko mpaka sasa. Nilimfikia, nikamfunga leso mabegani, nikamsugua mgongo kwa viganja vyote viwili, nikamwambia, "Karibu." Akaniegemea na uzito wake wote. Nikamvuta, tope likamwachilia ghafla, na mimi mguu ukateleza. Nilienda chini, Mama. Kichwa, kitambaa, kila kitu. Nilikunywa maji ya kutosha ng'ombe.

Nilipoibuka nilipokewa kwa vigelegele! "Amebatizwa! Mama Nkirote amebatizwa!" Mzee mmoja wa kanisa alikuwa analia kwa furaha, na akina mama nyasini wameanza wimbo mwingine kabisa. Waliniombea kwa miaka mingi, na walidhani wamejibiwa mbele ya macho yao. Mchungaji alibaki na mkono hewani, hajui kama aushushe. Akaniuliza kwa upole, "Mama Nkirote, sasa tuseme aje?"

Nikatema maji, nikamjibu, "Mchungaji, tuseme nimeanguka."

Nkirote ndiye aliyecheka wa kwanza. Mchungaji akafuata, akacheka mpaka akamshika mzee bega asianguke naye. Kicheko kikaenda nyasini, kikarudi. Na mimi nikiwa hapo na tope masikioni nikaona kitu ambacho ningependa tukichambue pamoja. Nimezama yote, Mama, mwili wote, kama ulivyotaka siku zote, na nimetoka Wawira yule yule wa ndani ya koti. Nkirote ameingia kwenye maji hayo hayo na ametoka na neno lake. Mimi nilienda kuchukua mtoto. Yeye alienda kwa Mungu. Maji hayakuchanganya mambo hayo mawili, na sidhani Mungu aliyachanganya.

Lakini ngoja. Tulipokaribia nyasi nilikuwa natetemeka kuliko Nkirote, ambaye leso yake, ingawa imelowa, ilimsaidia. Mama Kanana alikuwa bado amesimama na ile ya manjano, kavu. Nilijua anafikiri nini. Mtu aliyeanguka tu, akasema mwenyewe kwamba ameanguka, anafunikwa? Aliniangalia kutoka juu mpaka kwenye mguu usio na kiatu. Kisha akashuka kwenye tope, na magoti yake yote, akilalamika kila hatua. Akanifunga leso mabegani akanivuta kwake.

"Marehemu alikuwa anasema baridi haiulizi mtu," akaniambia sikioni.

Kumbe uliwaambia na wao. Nami miaka yote nilidhani ulisema neno hilo mara moja, kwetu sisi wawili na mtoto. Akanisugua mgongo kwa viganja vyote viwili, akasema, "Karibu." Hapo ndipo nililia, tena kwa sauti, wala sikuona aibu.

Waliobaki niliwafunika mimi. Hakuna aliyetangaza. Mama Kanana alisema tu magoti yamekataa, akaketi, akanisukumia begi kwa mguu, na nikasimama kwenye tope kupokea mmoja baada ya mwingine mpaka wakaisha. Leso zilipungua, nikatumia na sweta yangu kavu iliyokuwa begini. Kuhusu Meza ya Bwana bado sijui. Mchungaji anakuja Alhamisi tuongee, na ameomba kuongea na baba pia, kwa simu, ile habari ya koti aisikie mwenyewe. Nimeshamwonya baba asimtanie sana.

Jua sasa limefika mpaka mwisho wa ua na leso tatu zimekauka. Nkirote ameenda shule. Asubuhi alisimama kule kwako kidogo na begi mgongoni, sijui alikuambia nini, sikumuuliza. Lile doa nimeamua kuliacha. Ukiliona kutoka huko, jua ni la jana, ni la mjukuu wako, na usiniletee kisirani.

Lala vizuri, Mama yangu. Nakuahidi kwamba maadamu nina mikono, hakuna mtu atakayetoka kwenye bwawa hili akose wa kumfunika, awe amekuja kwa imani au ameteleza tu kama mimi. Na siku yangu ya kuvuka ikifika, najua nitakukuta ukingoni umevua viatu. Tafadhali usinianzie habari ya kichwa kilicholowa na mwili mkavu. Nifunike kwanza.

Mimi wako,
Wawira